Noti za zamani: Ipi ni mali, ipi ni karatasi tu?

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

TANGU Aprili 6, mwaka 2025, noti nyingi zilizokuwa zimehifadhiwa katika masanduku, mikebe na chini ya magodoro ya Watanzania zilikoma kuwa fedha. Benki Kuu ya Tanzania (BoT) ilikuwa imetoa miezi mitatu, kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5 mwaka huo, kwa wananchi kubadilisha noti za shilingi 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 za matoleo ya kuanzia mwaka 1985 hadi 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 iliyotolewa mwaka 2010.

Waliofika kwenye ofisi za BoT au katika benki za biashara ndani ya muda huo walipata thamani kamili ya fedha zao. Waliochelewa wamebaki na karatasi ambazo hakuna duka wala benki inayolazimika kuzipokea.

Tangu hapo swali moja limekuwa likiulizwa mara kwa mara, mjini na vijijini: je, noti hizi za zamani zina bei yoyote kwa wakusanyaji? Na zile za "mkoloni" au za "Mjerumani" zilizoachwa na mababu, je, ni utajiri uliojificha?

Jibu fupi ni kwamba baadhi zina bei nzuri, lakini nyingi hazina. Wanaopata hasara ni makundi mawili. Wapo wanaotupa kitu cha thamani kwa kutokijua, na wapo wanaolipa fedha nyingi kwa kitu kisicho na thamani kwa sababu tu kinaonekana cha kale. Makala haya yanaeleza namna ya kutofautisha.

Ahadi iliyoandikwa kwenye karatasi

Noti kwa asili yake ni ahadi. Aliyeitoa anaahidi kwamba atakayeileta atapewa thamani iliyoandikwa. Ahadi hiyo inaishi kwa muda ambao mtoaji yupo na anaitambua. Mtoaji akiondoka, au akitangaza kwamba haitambui tena, noti inabaki na bei moja tu, nayo ni ile ambayo mkusanyaji yuko tayari kulipa.

Katika hilo noti inatofautiana na sarafu ya dhahabu au ya fedha, ambayo hata serikali ikianguka bado ina thamani ya madini yake.

Watu wa uwanda wa kati wa Tanzania, kuanzia Mpwapwa na Dodoma hadi Manyoni, Singida na Tabora, wameshuhudia ahadi za namna hiyo zikifa zaidi ya mara moja katika muda wa karne moja. Kwa sababu hiyo noti za tawala mbalimbali bado zinaibuka katika nyumba za zamani zilizo kando ya njia ya misafara na reli ya kati.

Enzi ya Mjerumani: rupia na hela

Wajerumani walitumia rupia katika koloni lao la Afrika Mashariki. Mwanzoni rupia moja iligawanywa katika pesa 64, na kuanzia mwaka 1904 ikagawanywa katika heller 100. Neno "hela" tunalolitumia hadi leo limetokana na heller hiyo.

Mwaka 1905 ilianzishwa Deutsch-Ostafrikanische Bank, yaani Benki ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, ikapewa mamlaka ya kutoa noti. Noti zake za kwanza, za rupia 5, 10, 50 na 100, zina tarehe ya Juni 15, 1905. Ile ya rupia 500 ilifuata mwaka 1912. Zilichapwa Ujerumani na kampuni ya Giesecke & Devrient ya Leipzig kwa ustadi mkubwa. Ya rupia 5 ina picha ya simba, ya rupia 10 ina mandhari ya bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zina picha ya Mfalme Wilhelm wa Pili.

Reli ya kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Fedha za Kijerumani zilisafiri pamoja na reli hiyo, zikalipa vibarua, wapagazi na wafanyabiashara.

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914, meli za Uingereza zilifunga njia ya bahari na noti mpya hazikuweza kufika kutoka Ujerumani. Benki ikaanza kuchapa noti za dharura humu humu nchini. Za mwanzo zina tarehe ya Machi 1915. Zilichapwa kwa mitambo ya kawaida, kwenye karatasi za aina mbalimbali zilizopatikana wakati huo, na nyingi zilitiwa saini kwa mkono. Baadhi ya noti za rupia moja zimeandikwa majina ya miji miwili, Daressalam na Tabora, kwa kuwa shughuli za serikali zilikuwa zinahamia bara.

Tabora ikawa pia mahali pa kutengenezea sarafu. Mwaka 1916, karakana iliyotumia vifaa vya reli ilitoa sarafu za shaba za heller 5 na 20, na sarafu maarufu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, Iramba, katika mkoa wa sasa wa Singida. Zilitengenezwa takriban elfu 16 tu, na kila moja ina uzito wa gramu 7 na zaidi kidogo.

Lakini siku zilikuwa zimehesabiwa. Majeshi yaliyokuwa upande wa Uingereza yaliingia Dodoma mwishoni mwa Julai 1916, na majeshi ya Ubelgiji yakaiteka Tabora Septemba 19 mwaka huo huo. Wajerumani waliokimbilia kusini waliendelea kutoa noti hata porini. Zile zenye tarehe ya Julai 1, 1917 za rupia 5, 10 na 50 wakusanyaji wanaziita "noti za porini", kwa sababu ziligongwa kwa herufi za mpira zilizopangwa kwa mkono.

Novemba 1918 Wajerumani walisalimu amri. Serikali iliyokuwa imeahidi kulipa noti hizo iliondoka, na karatasi zikabaki mikononi mwa watu. Kwa Wagogo kipindi hicho kinakumbukwa zaidi kwa Mtunya, njaa kali ya kati ya mwaka 1918 na 1920. Ukame ulichangia, lakini vilevile majeshi yalikuwa yamechukua mifugo, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Aliyekuwa na ng'ombe aliyesalia alikuwa na mali. Mwenye noti hakuwa na cha kununulia chakula.

Enzi ya Mwingereza: kutoka florini hadi shilingi

Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa Desemba 1919. Mwaka 1920 ilitoa noti za rupia, kisha za florini. Florini haikudumu. Mwaka 1921 shilingi ilichukua nafasi yake. Kwa sababu ya maisha yao mafupi, noti za rupia na florini za bodi hiyo ni adimu sana, na ndiyo maana wakusanyaji wanazitafuta.

Noti za shilingi zilitoka katika thamani za 5, 10, 20, 100 na zaidi, hadi shilingi 10,000. Zina maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kigujarati. Ile ya shilingi 20 ilikuwa sawa na pauni moja, na wazee wengi bado wanaiita "pauni". Zilibeba picha ya Mfalme George wa Tano, kisha George wa Sita, na tangu mwaka 1953 Malkia Elizabeth wa Pili. Mwaka 1943, wakati wa Vita ya Pili ya Dunia, ilitoka pia noti ndogo ya shilingi moja.

Baada ya uhuru, mwaka 1964, bodi ilitoa noti zisizo na picha ya Malkia. Zina picha ya chombo chenye tanga majini, na wakusanyaji wanaziita toleo la ziwa.

Zanzibar ilikuwa na fedha yake. Serikali ya Sultani ilitoa noti za rupia kuanzia mwaka 1908, na ziliendelea hadi Januari 1936 visiwa vilipoingia katika shilingi ya Afrika Mashariki, rupia moja ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Noti hizo za Zanzibar ni miongoni mwa karatasi ghali kabisa za ukanda huu. Zinapojitokeza mnadani hufikia maelfu ya dola za Marekani.

Enzi ya Uhuru: kutoka Mtei hadi Karume

BoT ilifunguliwa Juni 14, 1966, Gavana wake wa kwanza akiwa Edwin Mtei. Noti zake za kwanza zilikuwa nne: shilingi 5, 10, 20 na 100, zote zikiwa na picha ya Mwalimu Julius Nyerere. Noti za bodi ya zamani ziliondolewa katika mzunguko katika mwaka uliofuata.

Ile ya shilingi 100 ya toleo hilo inastahili kuangaliwa kwa makini. Zipo za namna mbili. Moja ina picha ya mfugaji wa Kimasai na wanyama upande wa nyuma, na nyingine ina wanyamapori peke yao. Ya mfugaji ndiyo ya mwanzo na ndiyo adimu zaidi.

Mwaka 1986 ilitoka noti ya shilingi 200 yenye picha ya Rais wa awamu ya pili, Ali Hassan Mwinyi, na wavuvi upande wa nyuma. Baadaye zikaja za shilingi 500 na 1,000, kisha katikati ya miaka ya 1990 za shilingi 5,000 na 10,000, wakati thamani ya shilingi ilipokuwa imeshuka sana. Toleo la mwaka 2003 lilileta nyati, simba, kifaru na tembo. Noti ya shilingi 500 yenye picha ya Sheikh Abeid Amani Karume ilifuatiwa mwaka 2014 na sarafu ya thamani hiyo hiyo.

Kwa hiyo, msomaji anapokuta noti, hatua ya kwanza ni kuiweka katika mojawapo ya enzi hizi. Hilo peke yake linaondoa nusu ya maswali.

Umri si bei

Kosa kubwa la wasio wazoefu ni kuamini kwamba noti ikiwa ya kale basi ni ghali. Noti za dharura za rupia moja za mwaka 1915 na 1916 zimepita umri wa miaka mia moja, lakini zilichapwa nyingi na nyingi zimesalia. Iliyochakaa inaweza kupatikana kwa makumi machache tu ya dola. Noti ya florini, iliyotoka miaka michache baadaye, inaweza kuizidi bei mara nyingi.

Mfano mzuri wa kanuni hii unatoka Marekani. Kati ya mwaka 1863 na 1935, benki binafsi katika miji ya nchi hiyo ziliruhusiwa kutoa noti zilizobeba jina la benki na jina la mji, zikiwa na dhamana ya serikali. Benki zaidi ya 12,000 zilitoa noti hizo. Zote zilifanana kwa sura, lakini leo noti ya dola 10 ya benki kubwa ya New York inaweza kuuzwa kwa bei ya kawaida, huku ya thamani hiyo hiyo iliyotolewa na benki ya mji mdogo, ambayo imesalia moja au mbili tu, ikigombewa.

Wamarekani wengi hukusanya noti za mji waliozaliwa. Aliyezaliwa mji huo anaitaka noti hiyo kuliko mtu mwingine yeyote, na hapo ndipo bei inapopanda. Kwetu, kitu kinachokaribia hilo ni noti zilizoandikwa Tabora na sarafu za Tabora, kwani fedha chache sana za Afrika Mashariki zinataja mji wa bara.

Ipo tofauti moja muhimu. Noti hizo za Marekani hazikufutwa, na hadi leo bado ni fedha halali kwa thamani iliyoandikwa. Mwenye nayo hawezi kupoteza chini ya hapo. Mwenye noti ya Tanzania iliyoondolewa hana sakafu ya namna hiyo. Bei yake inaweza kuwa sifuri.

Mambo manne yanayopanga bei

Wakusanyaji kote duniani hutazama mambo manne.

La kwanza ni utambulisho. Ni nani aliyetoa noti, lini, ya thamani gani, saini za nani, na namba yake ni ipi. Noti mbili zinazofanana zinaweza kutofautiana kwa saini tu, na saini ya kiongozi aliyekaa madarakani muda mfupi mara nyingi ndiyo adimu. Duniani kote noti hutajwa kwa namba za orodha iliyoasisiwa na Mjerumani Albert Pick. Msomaji mwenye intaneti anaweza kuanza na orodha ya bure ya Numista.

La pili ni uadimu, yaani idadi iliyosalia. Idadi iliyochapwa si kipimo cha kutosha, kwa kuwa noti zilizorudishwa benki ziliteketezwa. Ndiyo sababu noti za thamani kubwa za enzi ya ukoloni ni adimu. Mtu wa kawaida hakuweza kuhifadhi shilingi 1,000 nyumbani, na aliyekuwa nayo aliiwahisha benki kabla haijafutwa.

La tatu ni hali ya noti, ambalo tutalieleza hapa chini.

La nne ni uhitaji. Noti inaweza kuwa adimu lakini ikakosa mnunuzi. Noti zenye picha za wanyama, wafalme au matukio makubwa ya historia hupendwa na watu wengi. Fedha za Kijerumani za Afrika Mashariki zinatafutwa na makundi mawili kwa pamoja, wakusanyaji wa fedha za Afrika na wakusanyaji wa Ujerumani, na hilo linazisaidia.

Mkunjo mmoja unavyogharimu

Hali ya noti hupimwa kwa kipimo cha kimataifa kinachokwenda kuanzia 1 hadi 70. Kampuni kama PMG ya Marekani hupokea noti, huithibitisha, huipa alama na kuifunga ndani ya mfuko maalumu. Kwa matumizi ya kawaida, ngazi zifuatazo zinatosha:

Mpya kabisa: haijawahi kutumika wala kukunjwa, pembe zake ni kali na rangi zimekamilika.

Karibu mpya: ina mkunjo mmoja hafifu au alama ndogo ya kuhesabiwa.

Nzuri sana: ina mikunjo michache, lakini karatasi bado ni ngumu na safi.

Ya kawaida: imetumika, ina mikunjo mingi na uchafu kidogo, haijachanika.

Dhaifu: imelegea, imechanika, ina matundu, madoa au maandishi ya kalamu.

Tofauti kati ya ngazi ya kwanza na ya mwisho inaweza kuwa mara kumi au zaidi. Kwa noti za karibuni, kama zile zilizofutwa mwaka 2025, ngazi ya kwanza ndiyo pekee inayowavutia wakusanyaji. Noti ya shilingi 10,000 ya mwaka 2003 iliyopita mikononi mwa wauza nyanya na makondakta haina mnunuzi, kwa sababu zilikuwepo mamilioni.

Ukweli huo ni mchungu kwa aliyepitwa na muda akiwa na kitita. Mwenye shilingi milioni moja za noti hizo zilizochakaa asitarajie kwamba soko la wakusanyaji litamrudishia hasara yake. Anachoweza kufanya ni kuzichambua moja moja. Zilizo mpya kabisa, zenye namba za chini sana, au zenye namba inayojirudia, azitenge. Zilizobaki ni kumbukumbu tu.

Katika nchi nyingi zipo pia noti za kufidia, zinazochapwa kuchukua nafasi ya zilizoharibika kiwandani na kupewa herufi tofauti mwanzoni mwa namba. Hizo na noti za kielelezo, zisizo na namba ya kawaida, huwa na bei ya juu zaidi.

Usioshe, usipige pasi

Noti nyingi nzuri zimeharibiwa na wenyewe kwa nia njema. Mtu anaikuta noti ya babu ina vumbi, anaiosha kwa sabuni, anaipiga pasi, kisha anaibandika utepe wa gundi palipochanika. Kila hatua kati ya hizo inashusha bei, na mzoefu anaigundua mara moja. Kuifunga kwa plastiki ya moto kama kitambulisho ni kuiua kabisa.

Njia sahihi ni rahisi. Shika noti kwa kingo, kwa mikono mikavu. Iweke ndani ya mfuko wa plastiki ya poliesta, si ile laini yenye harufu kali ambayo huachia mafuta kwenye karatasi. Ihifadhi mahali pakavu pasipo na jua.

Hali ya hewa kavu ya Dodoma na Singida ni rafiki wa karatasi kuliko unyevu wa pwani, lakini uwanda huu una maadui wake: mchwa, panya, vumbi na moshi wa jikoni. Sanduku la bati lililoinuliwa kutoka sakafuni ni bora kuliko kabati la mbao lililoegemezwa ukutani.

Aidha, andika historia ya noti: ilikuwa ya nani, ilipatikana wapi, lini. Karatasi hiyo ndogo ya maelezo huongeza imani ya mnunuzi, na kwa familia ni urithi hata kama noti yenyewe haina bei.

Jihadhari na matapeli

Pale penye ndoto ya utajiri wa haraka, matapeli hawakosekani. Kwa miaka mingi yamekuwapo madai kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu, kwamba huvuta mchele au vitu vingine, na kwamba kuna tajiri kutoka nje anayeinunua kwa mamilioni. Hakuna ukweli katika madai hayo. Sarafu ya rupia ni ya madini ya fedha, na fedha haivuti kitu. Bei yake inatokana na mwaka, hali na uadimu, basi.

Dalili za utapeli zinajulikana. Mnunuzi anadai ada ya ukaguzi kabla ya kulipa. Anataka aachiwe noti akaifanyie vipimo. Anataja bei kubwa kabla hajaiona. Anaharakisha, na anataka jambo liwe siri.

Kuhusu noti za kughushi, kipo kipimo ambacho mtu yeyote anaweza kukifanya. Taa ya rangi ya zambarau inayotumiwa madukani kukagua noti inafaa hapa pia. Karatasi za kisasa huwekewa kemikali za kung'arisha ambazo hutoa mwanga mkali wa buluu chini ya taa hiyo. Kemikali hizo hazikuwapo mwaka 1915. "Noti ya Mjerumani" inayong'aa namna hiyo ama ni nakala, ama imeoshwa kwa sabuni ya kisasa.

Sarafu ya dhahabu ya tembo wa Tabora nayo hughushiwa, kwa kuwa halisi huuzwa kwa maelfu ya dola. Anayeuziwa kwa bei ya kutupa barabarani ajue kwamba anauziwa shaba.

Namna ya kujua bei na kuuza

Bei inayoombwa na bei iliyolipwa ni vitu viwili tofauti. Mtu yeyote anaweza kuitangaza noti mtandaoni kwa dola 5,000, na ikakaa hapo miaka bila kununuliwa. Bei ya kweli ni ile ambayo noti ya aina hiyo hiyo, katika hali hiyo hiyo, imekwisha kuuzwa. Nyumba za mnada kama Spink na Noonans za London, au Heritage ya Marekani, huweka matokeo ya minada yao wazi kwenye tovuti zao.

Kumbuka pia makato. Tuseme noti imefikia dola 100 mnadani na kamisheni ya muuzaji ni asilimia 15. Mwenye noti atapata dola 85, kabla ya gharama za posta, bima na uthibitisho. Kwa noti ya dola 20 safari hiyo haina faida, na ni afadhali kumuuzia mkusanyaji wa hapa nchini au kuibakiza nyumbani.

Hatua za kufuata ni hizi. Piga picha safi za pande zote mbili. Itambue katika orodha. Linganisha na bei zilizolipwa. Uliza wanunuzi wawili au watatu kwa kutumia picha, bila kutoa noti yenyewe. Chama cha Kimataifa cha Noti, IBNS, kilichoanzishwa mwaka 1961, kina wanachama katika nchi nyingi na ni mahali pazuri pa kuulizia.

Kabla ya kupeleka kitu cha kale nje ya nchi, ulizia kwanza idara inayoshughulikia mambo ya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inadhibiti utoaji wa baadhi ya vitu vya kihistoria nje ya mipaka, na kutojua si utetezi.

Kwa mwenye noti zinazotumika sasa

Yaliyotokea mwaka 2025 si mara ya mwisho. Kenya iliiondoa noti yake ya zamani ya shilingi 1,000 mwaka 2019, na kila nchi hubadilisha fedha zake kwa wakati wake. Anayeweka akiba ya noti nyumbani, hasa mzee aishiye mbali na benki, yuko hatarini zaidi, kwa kuwa tangazo linaweza kupita bila kumfikia.

Ni wajibu wa walio mjini, wanaosoma magazeti na kusikiliza redio, kuwauliza wazazi wao huko Kondoa, Mpwapwa na Manyoni wana noti gani ndani. Tangazo likitoka, siku zinahesabika. Ukiwahi, shilingi 10,000 ni shilingi 10,000. Ukichelewa, itakubidi uisubiri mpaka mtu fulani, pengine mjukuu wako, aione kuwa ni kitu cha kale.